Darubini mbili za Kariakoo, mpya na ya mtumba, nimezipima kwa nyota moja ya bluu

Kila anayekuja kwangu akishakaa tu kwenye kochi macho yanaenda juu ya kabati, anaiona ile darubini yenye vioo vyekundu, anasema duh umeipata wapi hii, bei gani, na mimi nikanunue. Nimechoka kueleza mmoja mmoja kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, uzuri na ubaya, nikiulizwa tena namtumia mtu hii asome mwenyewe. Nianze na la mwisho kabisa: hiyo ya vioo vyekundu usinunue. Ukitaka kujua kwa nini endelea, ila ni ndefu kidogo maana humu ndani kuna safari ya Mafia, kuna fundi, kuna mjomba wangu, na kuna nyota.

Zote mbili ni darubini za macho mawili, bainokula kwa lugha ya madukani. Ya kwanza nilinunua mwezi wa tano mwaka jana Kariakoo, mitaa ya kule Msimbazi, duka sitalitaja na chapa sitaitaja maana hata sijui kama ni chapa kweli au jina limebandikwa tu. Mpya kabisa, ina boksi lake, begi lake, kitambaa cha kufutia, imevalishwa raba ya rangi za jeshi, vioo vya mbele vyekundu kama taa ya breki ya bodaboda. Ubavuni imeandikwa 200x na neno zumu. Dogo wa dukani akanisogeza mlangoni akaniambia bro soma bango lile pale juu ya ghorofa. Nikasoma mpaka namba ya simu ya chini kabisa. Akasema hii ukienda nayo porini simba unamhesabu ndevu, na usiku mwezi unauona mpaka mawe yake. Nikalipa 85,000, hata sikubishana sana, nilikuwa na haraka ya kuwahi daladala.

Kosa langu lilikuwa hapo hapo mlangoni. Saa saba mchana, jua la utosi, bango kubwa lenye maandishi meusi kwenye nyeupe, hapo hata kitako cha chupa ya soda kingefaulu mtihani. Sema nani anakwambia dukani kwamba darubini inapimwa usiku, na wao saa moja wanafunga.

Basi mwisho wa mwezi nikaenda kwa kina mama, Mafia, Utende, ule upande unaotazama ghuba ya Chole. Ukitoka Dar unafika Nyamisati, unapanda boti mpaka Kilindoni, halafu unavuka kisiwa. Nimetaja safari yote hiyo kwa sababu kule giza ni giza. Ukizima taa ya nyumba hakuna nyingine jirani inayokusumbua, na mbingu ya kusini yote imekaa wazi mbele yako juu ya maji.

Mjomba nilimkuta anaziba nyufa za mtumbwi kwa pamba. Shikamoo mjomba. Marahaba mjomba, na hicho shingoni nini tena, cha kupigia chabo? Nikampa aangalie. Kulikuwa na ngalawa mbili tatu zinarudi, akazitazama muda mrefu, akaishusha, akazitazama kwa macho yake, akaipandisha tena. Akaniuliza, mbona matanga yamekuwa kijani? Nikamwambia labda ni maji ya bahari yanaakisi. Akanitazama tu, miaka 40 yuko baharini halafu mimi wa Tabata namweleza maji yanavyoakisi.

Usiku ndio mambo yakajulikana. Nilikuwa nimeshasoma soma kuhusu nyota moja inaitwa Mimosa, ile ya kushoto kwenye Msalaba wa Kusini, kwamba ni nyota ya bluu, changa, ya moto sana, na nilitaka kuiona hiyo bluu yenyewe. Kuipata sio kazi. Mwezi wa tano, kwenye saa tatu na nusu usiku, unageukia kusini, unanyoosha mkono na kupanga ngumi zako moja juu ya nyingine kuanzia pale mbingu inapogusa bahari, ukifika ngumi ya nne hivi uko kwenye msalaba. Nyota nne zimekaa kama kishada cha watoto. Kushoto yake, chini kidogo, kuna nyota mbili kali zinazoelekeza pale pale, kwa hiyo ukizipata hizo huwezi kupotea. Ya juu kwenye kishada inaitwa Gacrux, ya chini Acrux, ya kushoto ndio Mimosa, ya kulia ni dhaifu kidogo kuliko wenzake.

Nikaelekeza ile 200x. Cha kwanza, hakuna 200 wala 20. Nilifanya hivi, jicho moja nikaliweka kwenye darubini, jingine nikaliacha wazi, nikatazama taa ya mashua moja iliyotia nanga huku na huku, nikakadiria ni mara kumi kavu. Hizo namba za ubavuni ni maandishi tu, mtu kaamka asubuhi kaandika. Ukitaka kujua, darubini ya kushika mkononi ikizidi kukuza mara 10 au 12 mikono inatetemeka mpaka huoni kitu, kwa hiyo hata ingekuwa 200 kweli isingekufaa labda uijengee msingi wa zege.

Cha pili, nyota haikuwa nukta. Nyota hata uikuze vipi inatakiwa ibaki kinukta kidogo kikali, maana iko mbali mno. Ile Mimosa yangu ilikuwa na mikia, ina ndevu kulia, ina kivuli chake chini, kama taa ya barabarani ukiitazama machozi yakiwa yamekulenga. Nikazungusha fokasi mbele nyuma, wapi, ikitulia katikati inatawanyika pembeni.

Cha tatu sasa ndio kilichonifunza. Bluu niliiona! Nikafurahi kweli, nikamwita mjomba, njoo uone nyota ya bluu. Akaja, akaona, akasema eh ya bluu. Halafu akasogeza kidogo akasema na hii ya juu nayo bluu. Nikachukua nikatazama, na kweli. Gacrux ni nyota nyekundu, kila mtu anayejua anga anajua hivyo, hata kwa macho matupu ukiitulizia inavuta kwenye rangi ya chungwa. Kwenye darubini yangu ilikuwa imepauka, nyeupe yenye ukijani. Nikahama, nikatazama ya huku, ya huku, zote rangi moja. Yaani ni kama mtu kachukua mbingu nzima akaisuuza kwa ile bluu ya kufulia mashati ya shule.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ni ule wekundu wa vioo. Lenzi ikionekana nyekundu kwa mbele maana yake inaurudisha mwanga mwekundu nje, haiuingizi. Kinachokufikia jichoni ni mabaki, kijani na bluu. Wanaweka hivyo kwa sababu dukani inapendeza, inaonekana kitu cha jeshi, na pia kioo cha hovyo rangi zake zinaachana achana pembeni, ukikata nyekundu moja kwa moja fujo inapungua kidogo. Kwa hiyo matanga ya mjomba yalikuwa kijani kweli, mzee hakukosea, ni mimi niliyekuwa najitetea. Lenzi nzuri ukiitazama kwa mbele inaonekana nyeusi imetulia, na mng'ao hafifu wa zambarau au kijani, basi.

Nimerudi Dar nikairudisha dukani. Dogo yule yule. Nikamwambia hii inapaka rangi. Akaniambia bro mali ikishatoka hairudi, imeandikwa hapo, na kweli ilikuwa imeandikwa, kikaratasi kimebandikwa nyuma ya mlango ambao saa zote uko wazi. Haya.

Ya pili nimeipata kwa jamaa anayeuza vitu vya mtumba kutoka Japani, maredio ya zamani, mashine za kushonea, feni. Darubini ilikuwa chini kabisa ya rundo, nzito kama tofali, mwili wa chuma umevalishwa ngozi ya bandia, mkanda umekatika, harufu ya stoo. Imeandikwa 10x50 tu, hakuna mbwembwe. Hiyo 10 ni kukuza, 50 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kwa kazi ya usiku hiyo ya pili ndio namba ya kuitazama. Mboni ya jicho lako gizani ikifunguka vizuri ni milimita 7 hivi, sasa kioo cha 50 kinakusanya mwanga mara 50 zaidi ya jicho tupu. Alitaka 180,000, tukabishana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa tukiwa hatujaelewana, amerudi kutoka msikitini ameshuka mpaka 120,000.

Safari hii nilikuwa na akili. Niliishika mkono ukiwa umenyooka, nikaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, nikatazama vile viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya nyuma. Vikiwa mviringo safi, prizimu za ndani, vile vipande vya kioo vinavyokunja mwanga, ni nzuri. Vikiwa na kingo zilizokatwa, kama pembe nne zenye kivuli, wamebania kioo. Vyangu vilikuwa mviringo. Halafu nikaigeuza nikatazama ndani kwa kumulika tochi ya simu, jicho la kushoto lilikuwa na kuvu kidogo, vile viuzi kama utando wa buibui, ila pembeni tu. Hicho ndio kilichonishushia bei. Mvua, joto, unyevu wa bahari, vyote hivyo kuvu inavipenda, kwa hiyo ukinunua ya mtumba huku kwetu usiache kumulika ndani.

Nikaja nayo Tabata, usiku nikapanda juu ya paa la nyumba niliyopanga. Na hapa kuna jambo zuri, hii nyota huhitaji kwenda Mafia kuiona. Iko kwenye kundi la nyota ishirini hivi zinazong'aa kuliko zote angani, kwa hiyo na taa zote za Dar, moshi, vumbi, bado unaipata. Nikaielekeza. Ziko mbili! Mimosa mbili, moja juu ya nyingine, na baada ya dakika kumi kichwa kinagonga. Mtu angeweza kudhani kagundua nyota mpya, kumbe ni macho mawili ya darubini hayaangalii sehemu moja. Darubini ya zamani ikianguka mara moja tu, prizimu inahama kidogo ndio inakuwa hivyo, na mchana ubongo wako unajitahidi kuziunganisha picha mbili ndio maana hukustuka dukani, unakuja kustuka na maumivu ya kichwa.

Nikampelekea fundi mmoja wa kamera, mzee wa siku nyingi, anakaa kwenye kichumba ambacho ukiingia inabidi yeye atoke. Akaniuliza unatazamia nini, ndege? Nyota. Akacheka, akasema hao wa ndege wanakuja na uongo lakini wa nyota huwezi kumdanganya. Akaifunua ile ngozi pembeni kwa kisu taratibu kama anamenya chungwa, kumbe chini yake kuna viskrubu vidogo vinavyosukuma prizimu. Akazungusha kimoja kwa bisibisi ya saa, robo ya robo, akaniambia nenda katazame usiku, kesho njoo uniambie. Namna ya kutazama alinifundisha, na hii ichukueni ni ya bure. Chagua nyota kali. Jicho la kulia la darubini lina pete yake ya kurekebisha, izungushe mpaka nyota iharibike iwe duara kubwa kama sahani. Jicho la kushoto liache, nyota ibaki nukta. Sasa fungua macho yote mawili. Ile nukta inatakiwa ikae katikati ya sahani. Ikikaa ukingoni au nje kabisa, rudi kwa fundi.

Siku ya kwanza nukta ilikuwa nje ya sahani, chini. Siku ya pili ukingoni. Siku ya tatu ikaingia katikati ikatulia kama kiini cha yai, na nikairudisha pete mahali pake, na pale juu ya paa, jirani anapika mandazi ya kesho redio inaimba, nikaiona Mimosa kwa mara ya kwanza ilivyo.

Usitegemee bluu ya jezi. Ni nyeupe, nyeupe kali inayochoma, na ndani ya huo weupe kuna ubluu, kama shati jeupe lililosuuzwa vizuri likaanikwa juani. Darubini nzuri inakupa hicho tu, shati moja. Sogeza macho kidogo, hata huhitaji kuhamisha darubini maana zote mbili zinaingia kwenye picha moja, Gacrux iko pale juu na ni rangi ya kaa la moto. Bluu na chungwa, zimekaa pamoja, na kila moja na yake. Nilikaa pale mpaka shingo ikagoma.

Ukiwahi kumtazama fundi wa kuchomelea mageti, japo usimtazame bila miwani, unajua hii habari ya rangi. Chuma kikianza kupata moto ni chekundu, kikizidi kinakuwa njano, kikizidi cheupe, na pale ncha ya waya inapogusa ni mwanga wenye ubluu wa kuumiza macho. Nyota ni hivyo hivyo. Gacrux juu yake ni nyuzi elfu tatu na ushee. Jua letu ni 5,500 hivi. Mimosa inakwenda kwenye 27,000. Uzito wake ni kama majua 16 yaliyowekwa pamoja, na mwanga inaotoa ni maelfu kwa maelfu ya jua letu, ndio maana iko umbali wa miaka-nuru 280 hivi, yaani mwanga wake unasafiri miaka 280 kutufikia, na bado inang'aa kuishinda Tabata. Huo mwanga nilioupokea kwenye paa ulianza safari Seyyid Said hajazaliwa, na yeye kazaliwa 1791.

Na uchanga wake sasa. Jua lina miaka bilioni 4.6. Mimosa ina kama milioni 10. Hata Kilimia, ambacho nacho ni nyota changa za bluu, ni mzee kwake, kina kama milioni 100. Lakini usiuonee wivu huo ujana, nyota kubwa inachoma akiba yake kwa fujo, ni yule kijana anayepokea mshahara tarehe 25 na tarehe 28 anakopa nauli. Jua letu bado liko nusu ya maisha yake, na Mimosa kwa miaka hiyo hiyo michache imeshakula sehemu kubwa, na kwa uzito wake itamaliza kwa kulipuka. Sio kesho, msiniulize tarehe. Hata sasa haijatulia, inatanuka na kusinyaa kila baada ya saa chache, mwanga unapanda na kushuka kidogo sana, kwa jicho hujui. Mdogo wangu ambaye yeye ni mpira tu nilipomwambia kwamba nyota hiyo imo kwenye bendera ya Brazil, ndio inayosimama kwa jimbo la Rio de Janeiro, akataka na yeye atazame. Akatazama sekunde nne akasema sawa.

Sabasaba nikapata nafasi nikarudi Utende, nimebeba zote mbili. Usiku wa saa mbili msalaba ulikuwa umeshaanza kulalia upande wa kulia, ila bado uko juu vizuri. Tatizo la hii ya mtumba ni uzito, inakaribia kilo moja, dakika tano mikono inalegea na nyota zinaanza kucheza sindimba. Nilijaribu kulala chali kwenye mkeka, inasaidia kwa nyota za utosini tu, za kusini shingo inaumia. Mjomba akaingia bandani akatoka na upondo, akauchomeka mchangani mbele yangu, akasema egemeza hapo, shika upondo na darubini pamoja. Ikatulia kabisa. Wauzaji wana vyuma vya kushikilia darubini kwenye stendi ya kamera, bei inakaribia ya darubini yenyewe, mimi nasema tafuta mti mrefu.

Ikishatulia hivyo ndio unaona vya ziada. Pembeni ya Mimosa, chini kidogo kushoto, kuna kitu ambacho kwa macho ni kama nyota moja yenye ukungu. Kwenye 10x50 kinafunguka, unaona vinukta vinne vitano vimejipanga na nyuma yake vumbi la vingine, na kimoja katikati ukitulia kina wekundu. Ni kundi la nyota, Sanduku la Vito, nalo limejaa nyota changa za bluu kama Mimosa ila liko mbali zaidi ya miaka-nuru 6,000. Mfaransa Lacaille aliliandika miaka ya 1750 akiwa Cape kule Afrika Kusini, na kwa kidarubini kidogo kuliko changu. Na hapo hapo karibu kuna doa jeusi, kubwa, kama mtu kamwaga masizi kwenye maziwa. Sio tundu, ni wingu la vumbi limezuia nyota za nyuma. Kwa Tabata hilo doa sahau, mbingu yenyewe tayari ni kijivu.

Ya vioo vyekundu nikaielekeza pale pale. Sanduku la Vito, ukungu. Kile chekundu cha katikati, hakipo, kimefutwa. Acrux kwenye hii ya mtumba ina kajinyota kengine pembeni kamejitenga, kwenye ile kamemezwa na mikia. Nisipende kusema uongo, mchana ile mpya inafaa, ni nyepesi nusu ya mwenzie, watoto wanaweza kuibeba, na kuangalia mpira ukiwa umekaa juu kabisa uwanjani utaona namba za mgongoni. Rangi za jezi ndio usibishane na mtu.

Mjomba alizitazama zote mbili bila haraka, ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Akauliza hii ya mwanzo umenunua shilingi ngapi vile? Nikamwambia. Akasema, mjomba, si wao ndio wangekupa hela?

Mambo machache ya kutunza maana nimeulizwa. Usifute kioo kwa kanga wala kwa shati, chumvi na mchanga vinakwaruza, puliza kwanza kwa hewa halafu kitambaa laini kikavu. Usiifungie kwenye begi ikiwa na unyevu. Vile vipakti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vilivyoandikwa usile, kusanya uviweke pamoja na darubini kwenye kopo lenye mfuniko, vinavuta maji, kuvu inakosa chakula. Na jua usiliguse kabisa kwa darubini, hata sekunde, jicho halina spea.

Gharama zangu kwa jumla kwenye ile ya mtumba ni 120,000 ya kununua na 25,000 ya fundi, mkanda nimeshonea wa begi la zamani. Ningempa mtu ushauri angeanzia hapo, na aende kununua jioni, amwambie muuzaji achelewe kufunga dakika ishirini mpaka nyota moja itoke. Akikataa, ujue.

Wanaoniuliza kwa nini juu ya kabati ipo hiyo nyekundu tu, nzuri iko wapi, nzuri iko Utende. Mjomba aliiazima Sabasaba kwa wiki moja, na kusi lilipoisha bado anayo, kaskazi likaja bado anayo, na sasa mwezi wa tano umerudi. Nikipiga simu ananiambia usiwe na wasiwasi, ipo kwenye kopo la biskuti na vile vipakti vyako, jana tu nimeitazama ile yako ya bluu.